Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kuchagua Programu ya Uchanganuzi wa Elementi Finiti kwa Majengo ya Chuma, Dodoma na Kanda ya Kati

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wahandisi wanaoanza kazi, wanafunzi wa uhandisi wa ujenzi, na wenye maghala na karakana za Dodoma, Singida na maeneo jirani ambao huletewa kurasa nyingi za mahesabu na wangependa kujua zimetokana na nini. Mifano yote ni ya chuma: maghala ya nafaka, vituo vya mafuta, kumbi, na ofisi za ghorofa zenye nguzo na boriti za chuma.

Uchanganuzi wa elementi finiti ni nini?

Ni njia ya kukokotoa ambamo jengo hugawanywa katika vipande vidogo viitwavyo elementi, vikaunganishwa kwenye vifundo, kisha kompyuta ikatafuta ni kiasi gani kila kifundo kitasogea pindi mzigo ukiwekwa. Kutokana na misogeo hiyo hupatikana kani, momenti (athari ya kani ya kupinda mwanachama) na mikazo (kani kwa kila kipande cha eneo). Jina hilo lilianza kutumiwa mwaka 1960 na Profesa Ray Clough wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka minne baada ya yeye na wenzake kuchapisha njia yenyewe walipokuwa wakitafuta ukakamavu, yaani uwezo wa kukataa kupinda, wa mabawa ya ndege.

Kompyuta hukokotoa modeli uliyoichora. Kama modeli inaonyesha kwamba nguzo imeshikwa imara chini ilhali fundi ataifunga kwa bolti mbili kwenye msingi mdogo, basi jibu litakuwa sahihi kwa jengo ambalo halitajengwa kamwe. Majibu yote yanayofuata yanatokana na jambo hili.

Kuna aina gani za programu, na ghala la kawaida linahitaji ipi?

Kwa kazi ya chuma kuna makundi mawili yanayofaa kutofautishwa kabla ya kutaja jina lolote. La kwanza ni programu za fremu, ambazo humchukulia kila mwanachama wa jengo, yaani nguzo, boriti au mguu wa kenchi, kuwa mstari wenye umbo la mkato, na baada ya kukokotoa kani hulinganisha kila mwanachama na matakwa ya kanuni za usanifu. Humo mna SAP2000 na ETABS za kampuni ya Computers and Structures, STAAD.Pro ya Bentley, Robot Structural Analysis ya Autodesk, RFEM ya Dlubal ya Ujerumani, na ProtaStructure ya Uturuki. La pili ni programu za jumla kama Abaqus na ANSYS, ambazo zinaweza kuchambua bamba, bolti, injini au fupa la mguu, lakini hazikuelekezi moja kwa moja kama nguzo yako imetimiza kanuni za majengo ya chuma.

Kwa ghala la nafaka la Kibaigwa lenye upana wa mita 20, programu ya fremu inatosha, na nasema hivyo bila kusita. Mhandisi anayeanza na programu ya jumla kwa jengo kama hilo atatumia siku nyingi kuchora wavu wa elementi, atapata picha nzuri za rangi, na mwishoni atalazimika kurudi kwenye kanuni kwa mkono ili ajue kama nguzo itajipinda, yaani kutoka ghafla kwenda pembeni inapogandamizwa. Programu ya jumla ina nafasi yake pale ambapo umbo haliwezi kuelezwa kwa mstari: kiungo chenye mabamba mengi, boriti yenye matundu makubwa, tangi, au mhimili wa kreni wenye nyufa za uchovu, zinazotokana na mzigo unaojirudia.

Je, programu ya bei kubwa hutoa jibu sahihi zaidi?

Kwa fremu ya kawaida, hapana. Programu zote zilizotajwa hutatua milinganyo ileile, na ukiziwekea modeli ileile tofauti ya majibu huwa ndogo sana. Fedha hununua urahisi: kuchora haraka, kanuni nyingi zilizomo ndani, michoro inayounganishwa na programu nyingine, na msaada wa watu wa kampuni unapokwama.

Mfano ambao kila anayesanifu paa la chuma anapaswa kuujua ni ukumbi wa Hartford, Connecticut, nchini Marekani. Paa lake la chuma lilichambuliwa kwa kompyuta katika miaka ambayo jambo hilo lilikuwa bado geni, na likaporomoka chini ya theluji alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978, saa chache baada ya maelfu ya watazamaji wa mpira wa kikapu kuondoka. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba modeli ilichukulia fito za juu zilizogandamizwa kuwa zimeshikwa katikati ya urefu wake ili zisijipinde, ilhali katika ujenzi fito za pembezoni hazikuwa zimeshikwa hivyo. Linaloniuma zaidi ni kwamba paa lilipoinuliwa, kuinama kwake kulipimwa na kuonekana kuwa takribani mara mbili ya kiasi kilichokokotolewa, na onyo hilo halikufanyiwa kazi. Hesabu za kompyuta hazikuwa na kosa la kujumlisha; kosa lilikuwa kwenye kile kilichodhaniwa kushika.

Nitajuaje kama programu ninayofikiria kununua inaaminika, na kama ninaielewa?

Ifanyie mitihani miwili midogo kabla ya kulipa, kwa kuwa kampuni nyingi hutoa muda wa majaribio. Mitihani hii huchukua chini ya saa moja, na nimeona ikifichua mambo ambayo semina ya siku tatu haikuyafichua.

Mtihani wa kwanza ni boriti ya IPE 300, yaani umbo la I la Ulaya lenye kimo cha milimita 300, urefu wa mita 6, ikiwa imewekwa tu juu ya vihimili viwili bila kufungwa, na mzigo wa kilonewtoni 10 kwa kila mita. Kwa mkono, momenti ya katikati ni kilonewtoni-mita 45, na kuinama kwa katikati ni milimita 9.6 ukitumia ukakamavu wa chuma wa newtoni 210,000 kwa milimita ya mraba. Programu ikikupa milimita 9.8, usishtuke: imejumlisha pia mnyumbuko unaotokana na kani ya mkato, yaani kani inayotaka kuikata boriti, ambao kwa boriti hii ni milimita 0.2 hivi. Ikikupa milimita 2 kasoro, basi umefunga ncha zote mbili bila kujua, kwa sababu boriti iliyofungwa imara huinama moja ya tano tu ya ile iliyowekwa huru. Na ikikupa jibu lililozidi mara kumi au elfu, tazama vipimo ulivyoweka. Kuchanganya milimita na mita ndilo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote.

Mtihani wa pili ni wa kujipinda, na huu ndio wenye mafunzo zaidi. Simamisha IPE hiyohiyo kama nguzo ya mita 4, huru kuzunguka ncha zote mbili, kisha iulize programu mzigo wa kujipinda kuelekea upande dhaifu. Fomula ya Euler hutoa kilonewtoni 782. Lakini programu nyingi zinazotumia elementi ya boriti ya kawaida, ukiiacha nguzo iwe elementi moja tu, zitakujibu kilonewtoni 951, yaani zaidi ya asilimia 21 juu ya ukweli, tena upande wa hatari. Igawe nguzo vipande viwili, jibu litashuka hadi 788. Igawe vinne, tofauti haitaonekana. Mhandisi ambaye hajawahi kufanya jaribio hili anaweza kusanifu fremu nzima kwa kizidisho cha kujipinda (mara ngapi mzigo ungeongezwa kabla ya jengo kujipinda) kilichokuzwa, huku akiamini kwamba tarakimu nyingi baada ya nukta ni dalili ya usahihi.

Programu isiyokuruhusu kugawa mwanachama, au isiyokueleza inavyogawa yenyewe, usiinunue kwa kazi ya chuma.

Je, programu itanionya boriti ikitaka kulala ubavu?

Hapa pana mtego. Boriti ya umbo la I inapopinda, flenji iliyogandamizwa, yaani bamba la ulalo la juu au la chini la umbo hilo, hutaka kutoroka kwenda pembeni, na boriti nzima hulala ubavu huku ikijisokota. Elementi ya boriti iliyo kwenye programu nyingi ina misogeo sita kwa kila kifundo, na misogeo hiyo haielezi jinsi flenji mbili zinavyopotoka kinyume. Kwa hiyo uchanganuzi wa kawaida hautauona udhaifu huu. Kinachouona ni hatua ya kulinganisha na kanuni, na hatua hiyo hutegemea wewe kueleza ni wapi flenji imeshikwa. Programu chache zina elementi yenye msogeo wa saba kwa ajili hiyo. Ipo pia LTBeamN ya taasisi ya chuma ya Ufaransa, CTICM, ambayo ni ya bure na hufanya kazi hii moja vizuri.

Hali ya Dodoma inabadilisha nini katika uchaguzi?

Inabadilisha mizigo, na mizigo ndiyo inayoamua programu iwe na uwezo gani.

Cha kwanza ni upepo. Hapa hatuna theluji, na bati la geji 28 pamoja na pulini zake za chuma, yaani vyuma vya ulalo vinavyolibeba, mara nyingi halizidi kilo 15 kwa mita ya mraba, yaani newtoni 150. Upepo wa mita 30 kwa sekunde una mgandamizo wa newtoni 552 hivi kwa mita ya mraba ukitumia fomula ya kawaida ya 0.613 mara mraba wa mwendo. Sehemu ya paa inayonyonywa kwa kizidisho cha 0.9 huvutwa juu kwa karibu newtoni 500, zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Milango mikubwa ya ghala ikiwa wazi upande unakotoka upepo, hewa iliyoingia huongeza msukumo kutoka ndani. Matokeo yake, mguu wa chini wa kenchi uliokuwa ukivutwa sasa hugandamizwa, na flenji ya ndani ya fremu ya ghala, ambayo haikushikwa na pulini yoyote, ndiyo inayotaka kutoroka. Kwa hiyo chagua programu inayokuwezesha kuweka mchanganyiko wa upepo wa kuinua pamoja na uzito mdogo wa jengo, na inayotofautisha urefu wa kushikwa wa flenji ya juu na ule wa flenji ya chini. Ni kweli kwamba hewa ya Dodoma, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, ni nyepesi kwa takribani sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, lakini nisingepunguza mzigo kwa sababu hiyo isipokuwa kanuni unayoitumia imeruhusu waziwazi.

Cha pili ni joto. Chuma kilichofungwa asubuhi ya baridi ya Julai kinaweza kuwa na joto zaidi kwa nyuzi 30 bati likipigwa na jua la mchana wa Oktoba. Kwa ghala la urefu wa mita 60 hilo ni nyongeza ya milimita 22 hivi, na bresingi, yaani vyuma vya mshazari vinavyozuia jengo kuyumba, zikiwa zimefungwa kwenye ncha zote mbili, nyongeza hiyo hugeuka kuwa kani. Karibu kila programu ya fremu inaweza kuweka mzigo wa joto. Tatizo ni kwamba watu husahau kuuweka.

Cha tatu ni tetemeko la ardhi. Dodoma ipo kwenye eneo la mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, na miamba ya hapa ina mipasuko inayofahamika kama ya Bubu na Hombolo. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, lilitukumbusha kwamba nchi yetu haiko nje ya jambo hili. Kwa ghala jepesi upepo ndio hutawala kwa kawaida. Kwa ofisi ya ghorofa sita yenye sakafu za zege juu ya boriti za chuma, kama zinazojengwa kuelekea Mtumba, programu lazima iweze kukokotoa mitetemo ya asili ya jengo na kuichanganya.

Bresingi za nondo zinahitaji uwezo gani wa pekee?

Nondo ya milimita 16 iliyowekwa msalaba kati ya nguzo mbili hufanya kazi ikivutwa tu. Ikigandamizwa hulegea na kupinda. Ukiiingiza kama mwanachama wa kawaida, programu itagawa kani nusu kwa nusu kati ya nondo zote mbili, na ile inayovutwa itaonekana kubeba nusu ya mzigo wake halisi. Tafuta programu yenye elementi ya kuvutwa tu. Uelewe pia kwamba elementi hiyo hulazimisha programu kurudia hesabu mpaka itambue zipi zimelegea, hivyo huwezi tena kukokotoa uzito na upepo kando kando kisha ukajumlisha majibu. Kila mchanganyiko wa mizigo lazima utatuliwe wenyewe kwa ukamilifu.

Nitumie kanuni za BS 5950 au Eurocode 3?

Wengi wetu tulifundishwa BS 5950, kanuni ya Uingereza ya usanifu wa chuma, na vitabu vyake bado vimejaa ofisini. Taasisi ya viwango ya Uingereza iliiondoa mwaka 2010, na Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya chuma, ikachukua nafasi yake. Jambo la hatari ni kuchanganya: BS 5950 huzidisha uzito wa kudumu kwa 1.4 na mzigo wa matumizi kwa 1.6, wakati Eurocode hutumia 1.35 na 1.5, na fomula za uwezo wa nguzo hazifanani. Chagua moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ukichagua Eurocode, programu iweze kukuambia kizidisho cha kujipinda kwa fremu nzima: kikiwa 10 au zaidi kwa uchanganuzi wa kielastiki, hesabu ya kawaida inatosha, kikiwa chini ya hapo, athari za kuyumba kwa jengo lazima ziingizwe, na kikiwa chini ya 3, hakuna njia ya mkato, lazima programu ifanye hesabu kamili inayofuata jengo linavyosogea. Hakikisha pia kwamba viambatisho vya kitaifa vilivyomo, yaani kurasa ambamo kila nchi huweka thamani zake, vimechaguliwa kwa makusudi, kwani programu nyingi hufungua na vya nchi nyingine bila kukuuliza.

Chuma ninachokipata sokoni hakimo kwenye orodha ya programu. Nifanye nini?

Programu huja na maktaba za maumbo ya Ulaya, Uingereza, Marekani na kwingineko, lakini ukienda dukani utakuta bomba za mraba na chuma za pembe ambazo unene wake hautimizi ulioandikwa. Nenda na kipimo cha vernia. Bomba lililoitwa la milimita 2 likipimwa na kuonekana 1.7, limepoteza asilimia 15 ya unene, na uwezo wake umepungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Programu nzuri kwetu ni ile inayokuruhusu kuandika umbo lako mwenyewe kwa vipimo ulivyopima, na kutumia nguvu ya chuma iliyothibitishwa kwa cheti badala ya kuchukulia kila kitu kuwa S275, yaani daraja la chuma lenye nguvu ya newtoni 275 kwa milimita ya mraba. Kwa pulini nyembamba za zedi zilizokunjwa baridi, tahadhari zaidi inahitajika, kwa maana ukuta wake hujikunja kwa mawimbi madogo kabla ya mwanachama mzima kushindwa. CUFSM, programu ya bure iliyotokana na kazi ya Profesa Ben Schafer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, iliandikwa kwa ajili ya tatizo hilo.

Viungo vya bolti na vya kuchomelea vichambuliwe kwa programu gani?

Viungo vya kawaida vikokotolewe kwa fomula za kanuni. Pale umbo linapokuwa la ajabu, programu kama IDEA StatiCa ya Jamhuri ya Cheki huyachora mabamba kwa elementi za bamba na bolti kama springi. Ukitumia programu ya jumla, kumbuka kwamba kwenye kona kali ya ndani mkazo hupanda kila unapousaga wavu kuwa mdogo, bila kikomo. Namba hiyo haina maana, na ndiyo sababu katika chuma tunaangalia kiasi cha kunyumbuka kusikorudi, ambacho mara nyingi huwekewa ukomo wa asilimia 5.

Programu za bure zinaweza kutumika kwa kazi halisi?

Zinaweza, kwa masharti. CalculiX, iliyoandikwa na wahandisi wa injini za ndege nchini Ujerumani, hufanya kazi ndani ya FreeCAD, programu ya bure ya kuchora. Code_Aster ilitolewa bure na shirika la umeme la Ufaransa, EDF, mwaka 2001. OpenSees ya Berkeley ina nguvu sana kwa matetemeko. Hakuna kati ya hizo inayokupa hesabu ya kanuni za chuma kwa kubonyeza kitufe, kwa hiyo mzigo wa kulinganisha unabaki kwako. Mwanafunzi wa UDOM au wa chuo kingine anaweza pia kupata leseni ya masomo ya Robot au RFEM bila malipo, ila leseni hiyo hairuhusiwi kwa kazi ya mteja.

Na programu zilizokrekiwa?

Sizipendekezi kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inakataza, na kuna sababu ya kihandisi pia: hujui ni nini kilichobadilishwa ndani ya faili, hupati marekebisho ya makosa ambayo kampuni hutangaza kila mara, na siku ya kutakiwa kuonyesha jinsi ulivyokokotoa huwezi kutaja chombo ulichotumia. Ofisi ndogo isiyomudu leseni ya mwaka iulize kuhusu leseni ya miezi michache, au inunue programu moja ndogo ya fremu na kuijua kwa undani.

Kompyuta ya aina gani inahitajika?

Kwa fremu, kompyuta mpakato yoyote ya kisasa yenye RAM ya gigabaiti 16. Kwa viungo vyenye elementi nyingi, 32 au zaidi. Nunua pia kifaa cha kuhifadhi umeme, maana hesabu ya saa tano ikikatwa na umeme huanza upya.

Nani anawajibika programu ikikosea?

Mhandisi aliyeweka muhuri. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inamtambua mtu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na masharti ya leseni za programu karibu zote humweka mtumiaji kuwa mwenye dhamana ya matokeo. Mwenye ghala ana haki ya kumwomba mhandisi wake aonyeshe hesabu za mkono za angalau boriti moja na nguzo moja, pamoja na jumla ya kani za vihimili ikilinganishwa na jumla ya mizigo. Jumla hizo mbili zisipolingana, modeli ina kasoro.

Nihifadhi vipi kazi yangu?

Eurocode huhesabu maisha ya jengo la kawaida kuwa miaka 50, na hakuna leseni ya programu iliyowahi kuishi hivyo. Miaka michache iliyopita nililetewa ghala la alizeti ambalo mmiliki wake alitaka kuongeza kreni. Faili la modeli lilikuwepo, lakini hakuna programu tuliyokuwa nayo iliyoweza kulifungua, na tulilazimika kupima kila nguzo upya kwa ngazi na futi kamba. Programu utakayoichagua iweze kutoa modeli kwa maandishi ya kawaida: viwianishi vya vifundo, maumbo, vihimili na mizigo. Chapisha maandishi hayo kwenye karatasi, yaweke pamoja na michoro, na nakala moja mpe mwenye jengo.